Uwanda Uliokwisha Andikwa

Mwandishi akitunga riwaya na kuiweka mahali ambapo kitabu mashuhuri kimekwisha kupasimulia, je, huwa ametenda kosa? Suala hili huulizwa kwa mnong'ono kuliko kwa sauti, kwani kila mwenye kuliuliza huona haya kidogo, mfano wa mtu aliyefika harusini akamkuta mwenziwe kavaa vazi la kitambaa kile kile. Wahakiki wetu hulimaliza upesi: mandhari, wasema, haina mwenyewe. Jawabu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Hakimiliki hailindi bonde wala ziwa, na anayemsumbua mwandishi si hakimu bali nafsi yake. Nafsi hiyo huuliza jambo la haki ambalo sheria hailigusi: mwenye neno la kwanza juu ya mahali ni nani, aliyezaliwa pale au aliyetangulia kupaandika?

Nimeletewa suala hili kutoka Nyansurura, kata iliyomo katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Binti mmoja wa huko aliniletea mswada wa riwaya yake niusome. Kisa ni cha baba ambaye hutega matanzi ya nyaya mpakani mwa hifadhi. Nyumbu akinasa, nyumba inakula, na nyama inayobaki inakuwa daftari na sare za skuli. Usiku mmoja baba harudi. Yuko mahabusu Mugumu. Mkewe na bintiye wanabaki na ng'ombe watatu na shamba la mtama ambalo tembo huliingia kabla wenyewe hawajavuna. Mswada una nguvu, na Kiswahili chake ni cha mtu anayejua thamani ya neno. Lakini katika barua aliyouambatanisha nao mwandishi ameniuliza: "Mzee wangu, hawatasema nimemwiga yule Mjerumani? Uwanda ni ule ule, nyumbu ni wale wale, hata tanzi ni lile lile. Nikihamishie kisa mahali pengine, au nitunge nchi isiyokuwepo?"

Mjerumani anayemkusudia ni Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Yeye na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama ya punda milia, wakihesabu wanyama na kufuatilia njia za uhamaji wao. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, ikaanguka, na Michael akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba naye alizikwa hapo baada ya kufariki mwaka 1987. Kitabu chao, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Serengeti Isife, kilitoka mwaka huo huo wa 1959 pamoja na filamu iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Tangu hapo, kwa mamilioni ya watu ambao hawatafika Mara maishani mwao, Serengeti ni ile ya kitabu hicho: majani hadi upeo wa macho, makundi ya wanyama, na mtu mmoja tu mbaya, naye ni jangili.

Sisemi kwamba Grzimek alisema uongo. Mizoga aliyoiona kwenye matanzi ilikuwepo, na uchungu wake ulikuwa wa dhati. Tena aliulipia kwa mtoto. Ila aliamini pia kwamba hifadhi haiwi hifadhi mpaka isiwe na watu, hata wenyeji wake. Imani hiyo haikubaki kuwa hoja pembeni mwa kitabu, bali ndiyo iliyoichora mandhari yake. Jangili wa kitabu kile hana nyumba. Hutokea porini, akatega, akakimbia au akakamatwa. Hatuoni anapokwenda na ile nyama. Binti wa Nyansurura ameanza palepale ambapo ukurasa wa Mjerumani unaishia, kwenye mlango ambao nyama inaingilia. Tanzi ni lile lile, naam. Lakini mtu aliyelishika huku anaitwa baba.

Kazi yangu ya kutafsiri imenifunza kuyashuku majina ya ardhi. Wazungu wana neno lenye maana ya nchi isiyoguswa na mkono wa mtu, nalo kwao ni neno tukufu, lina harufu ya ibada. Ukitaka kulileta katika Kiswahili unakwama. Pori? Pori ni mahali pasipolimwa, lakini watu hupita humo, huchunga, hutafuta kuni na dawa. Nyika? Nyika ni ukavu na umbali, si upweke. Mbuga ilikuwa ardhi tambarare inayotuama maji, na wakulima wengi wa bara wangali wakilima mpunga mbugani. Siku hizi tukisikia mbuga twangojea simba. Hifadhi ni neno la kufungia kitu kabatini. Hakuna hata moja linalomfukuza mtu kama lile la kigeni linavyomfukuza, na nadhani sababu ni kwamba waliozitunga lugha zetu hawakuwahi kuiona ardhi ya namna hiyo. Basi mwandishi akiandika kwa Kiswahili juu ya uwanda ule, maneno yenyewe yamekwisha kumtenga na kitabu mashuhuri kabla hajafika kwenye wahusika.

Wala si maneno tu. Mwaka 2007 mwanahistoria Jan Bender Shetler alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu za watu wa Serengeti ya magharibi, yaani Wanata, Waikoma, Waishenyi, Wangoreme na Waikizu, akionyesha jinsi masimulizi yao yanavyokwenda kwa majina ya mahali: mlima huu, chemchemi ile, makazi ya zamani ya ukoo fulani. Mengi ya mahali hapo leo yamo ndani ya mipaka ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951. Sisi wa pwani tunalo neno lake, nalo ni mahame. Kile ambacho kamera ilikiona kuwa mwanzo wa dunia, mzee wa Kiikoma alikijua kuwa mahame ya babu zake.

Nikimjibu binti huyu nilimwelekeza kwanza kwa jirani zake wa ziwani. Kisiwa cha Ukerewe ni kidogo, lakini kimebeba riwaya kubwa za watu wawili. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Katika miaka hiyo ya kungoja alitokea kijana wa Namagondo, Euphrase Kezilahabi, akatoa Rosa Mistika mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974, zote zikikanyaga kisiwa hicho hicho. Aliyeandika mwisho ndiye aliyesomwa kwanza. Sasa nani amwige nani? Ziwa ni moja na ardhi ni moja. Lakini kwa Kitereza kisiwa ni mahali ambapo kila tendo lina adabu yake, kuanzia kumwomba mke arudi kwa mumewe hadi kugawa pombe. Kwa Kezilahabi ni mahali ambapo baba mlevi na mkali anamlinda binti kwa fimbo mpaka fimbo ndiyo inayompoteza. Sijapata kumsikia msomaji wa vitabu hivyo akilalamika kwamba amepelekwa kisiwa kimoja mara mbili.

Ama shauri la kutunga nchi isiyokuwepo, ni shauri lenye heshima yake. Shaaban Robert alilifuata katika Kusadikika, mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza, wakati ambapo nchi ya kweli isingeweza kutajwa kwa jina bila matata. Hata hivyo hakuepuka kufanana! Kusadikika inaelea angani, na kisiwa cha Laputa katika safari za Gulliver alizozitunga Jonathan Swift mwaka 1726 kilikwisha kuelea kabla yake. Tazama lakini kuelea kwenyewe. Laputa ina watu chini yake, na mfalme akikasirika huwazibia jua. Kusadikika haimzibii mtu jua. Wanaoumia wamo humo humo, akina Karama wanaoshitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na wajumbe sita waliotumwa pande sita wakarudi na hekima wakalipwa adhabu. Shaaban Robert alijificha angani kwa sababu alikuwa na mtu wa kujificha naye. Binti wa Nyansurura angejificha kwa ajili ya nani? Angehama kwao kwa sababu mgeni alipasifu. Akifanya hivyo, ile nchi isiyo na watu itakuwa imepungukiwa na mtu mmoja zaidi, safari hii kwa hiari yake.

Hata hivyo sikubali kwamba hakuna deni kabisa. Washairi wa kwetu walilijua deni na wakalitengenezea bahari yake. Mwenye kutunga takhmisi huchukua ubeti wa mwenziwe wa mishororo miwili, akatanguliza mitatu yake, na maneno ya yule wa kwanza yakabaki pale yasikike. Hakuna aliyeita wizi, kwa kuwa hapana kilichofichwa. Deni la mahali, kwa upande mwingine, hawakulitambua. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, akayatazama majumba ya Pate yaliyogeuka makao ya popo, Waarabu walikuwa na karne nyingi za kusimama mbele ya mahame na kulia. Kasida zao za kale ndivyo zilivyofungua. Yeye hakuomba ruhusa. Kuta za Pate zilikuwa zimeanguka kweli.

Kwa kipimo hicho niliurudia mswada, na nikalipata deni mahali ambapo mwenyewe hakulitaja. Sura ya kwanza inauona uwanda kutoka juu. Mto ni uzi, nyumbu ni chembe za pilipili manga, vivuli vya mawingu vinatambaa juu ya majani. Ni ukurasa mzuri kuliko yote. Lakini katika riwaya nzima hapana mtu aliyepanda ndege. Baba yuko chini na bintiye yuko chini, wakiinama, maana huko tanzi hutafutwa kwa kuinama. Nani basi anayetazama? Ni rubani. Uwanda ni wa binti, lakini jicho ni la kuazima, na halikutajwa.

Nikamwandikia: binti yangu, liache jina la Nyansurura lisimame, usihame popote, ila sura ya kwanza ama uishushe, ama uipitishe ndege yenyewe, tuisikie mlio kutoka shambani, na tuone nani anainua kichwa.

Amekubali la kwanza. La pili amelikataa. Ameniambia kwamba picha ya kwanza ya kwao aliyoiona kitabuni, akiwa darasa la nne, ilikuwa imepigwa kutoka angani, na kwamba siku hiyo aliitafuta nyumba yao katika picha kwa ncha ya penseli mpaka mwalimu akaifuta ubao. Hivyo kuona kutoka juu, asema, nako ni kwao. Nimemshauri ile penseli aiingize ndani ya riwaya. Kuhusu ukurasa wa rubani bado tunavutana.