Utamu wa Mchezo na Mtego wa Mchezo

Wako watu wasemao kwamba mchezo ni mchezo tu, na mtu mzima mwenye akili hana haja ya kuuchunguza. Wengine husema kwamba michezo ya video yote ni sumu, basi haifai hata kuuliza upi mzuri na upi mbaya. Makundi haya mawili, ijapokuwa yanapingana, yanafanana kwa jambo moja: yote hayataki kutazama. Nasi twaulizwa na vijana, tena na wazazi wao: Je, ile furaha aipatayo mtu mbele ya kioo cha mashine ni kitu gani hasa? Ni furaha ya kweli, au ni ulevi uliovishwa nguo za furaha? Swali hili halijibiwi kwa hasira. Hujibiwa kwa kuutazama mchezo wenyewe jinsi ulivyoundwa.

Kwanza tujue mchezo ni nini. Mwanafalsafa Bernard Suits, aliyekuwa akifundisha Kanada, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 ya kuwa kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo ambavyo mtu hakulazimika kuvibeba. Maelezo haya yaweza kuonekana ya ajabu, lakini hebu fikiri juu ya mpira wa miguu. Kama shabaha ingekuwa kuufikisha mpira wavuni tu, mtu angeweza kwenda uwanjani usiku, wakati hakuna mlinda mlango, akaubeba kwa mikono na kuutia wavuni mara mia. Je, amefunga magoli mia? La, hasha! Hakufunga hata moja. Inadhihirika basi kwamba utamu haumo katika kupata, bali umo katika kupata kwa njia ngumu ambayo mchezaji ameikubali mwenyewe. Mtu akiuondoa ugumu ameuondoa na utamu pamoja nao.

Lakini si kila ugumu ni mtamu. Kumfunga mtu macho na kumwambia atafute sindano uwanjani ni ugumu pia, wala hakuna atakayeufurahia. Ugumu uletao furaha una tabia zake, na mfano mzuri upo. Mwaka 1985 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo uitwao Super Mario Bros., uliotungwa na Shigeru Miyamoto na wenzake. Mwenye kutaka kujua jinsi mwalimu mwema afanyavyo kazi, na aitazame hatua yake ya kwanza. Mchezaji hapewi maelezo yoyote. Mtu mdogo asimama upande wa kushoto wa kioo, na mbele yake, upande wa kulia, pana nafasi tupu. Hivyo mchezaji ajionea mwenyewe kwamba njia iko kulia. Mara anajiwa na adui mmoja tu, tena atembeaye polepole. Asiporuka atakufa, lakini amepoteza nini? Hatua chache tu, kwani ndiyo kwanza ameanza. Akiruka amejifunza kuruka, na akimwangukia adui kichwani amejifunza kwamba aweza kumshinda.

Juu ya kichwa chake pana matofali yenye alama ya kuuliza. Akiligonga mojawapo hutoka uyoga, nao hutelezea kulia, hugonga bomba, kisha humrudia yeye mwenyewe, na hapo alipo si rahisi kuukwepa. Anadhani amekwisha, kumbe badala ya kufa anakuwa mkubwa! Baadaye hukuta ngazi mbili zinazotazamana, na baina yake pana ardhi. Akizipita hizo hukuta nyingine mbili kama zile, ila sasa baina yake pana shimo. Kuruka ni kule kule, lakini safari hii kosa lina gharama. Sisi tulio walimu yatupasa kuona haya kidogo hapa, kwani wangapi kati yetu humpa mwanafunzi ardhi kabla ya kumpa shimo?

Basi hiyo ndiyo tabia ya ugumu mwema: una haki. Mchezaji ashindwapo hasemi, "Nimeonewa," bali husema, "Nimekosea, na najua nilipokosea." Na kwa sababu anajua alipokosea, hutamani kujaribu tena. Tamaa hiyo ya kujaribu tena haina aibu. Ni ile ile aliyo nayo mtu anayejifunza kusoma, au fundi anayerudia kiungo cha mlango mpaka kikae sawa.

Hapa muulizaji aweza kusema: "Je, na bahati? Michezo mingi ina bahati ndani yake, nanyi mwaichukia bahati nasibu." Hoja hii ni nzito kuliko ionekanavyo, na kwa kweli hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Bao letu la Kiswahili halina bahati. Kete 64 ziko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na aliyeshindwa ameshindwa kwa akili. Lakini tutazame mchezo wa Tetris. Uliundwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti. Kompyuta aliyoitumia ilikuwa duni, haikuweza hata kuchora picha, naye akaunda maumbo yake kwa alama za maandishi. Maumbo hayo ni saba, kila moja lina miraba minne. Huanguka kutoka juu moja baada ya jingine, na mchezaji huyageuza na kuyapanga. Mstari ukijaa, hutoweka. Yakijazana mpaka juu, mchezo umekwisha.

Sasa, umbo lipi litakuja? Hiyo ni bahati, wala mchezaji hana amri juu yake. Hata hivyo bahati hiyo inauliza tu, haijibu. Inasema: "Nimekuletea hili, utaliweka wapi?" Jibu ni la mchezaji, na hukumu hufuata jibu lake. Ni kama mvua kwa mkulima, kwani haichagui yeye, bali kulima au kulala ni juu yake. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba bahati peke yake ndiyo iufanyayo mchezo kuwa mbaya.

Ubaya huanza pale bahati inapopewa kazi zote mbili, yaani kuuliza na kujibu, na mchezaji akabakiziwa kazi moja tu, kulipa. Katika michezo mingi ya siku hizi mmetiwa visanduku vya bahati. Mchezaji hutoa fedha, kisanduku hufunguka kwa taa na muziki, na ndani huwamo kitu cha thamani au kitu duni. Ustadi wake hauna nafasi hapo. Mtoto wa miaka tisa na bingwa wa mchezo huo wako sawa mbele ya kisanduku. Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha zamani kwa njiwa na panya kwamba mnyama apatiwaye chakula baada ya idadi ya migonyezo isiyojulikana hubonyeza bila kuchoka, na huendelea muda mrefu hata chakula kikikatwa. Mtu aliyeunda mashine ya kamari anaijua kanuni hii. Anayeunda kisanduku naye aijua.

Kurani Tukufu, inapotaja ulevi na kamari katika Sura Al-Baqara, haikanushi kwamba mna faida ndani yake, bali yasema dhara yake ni kubwa kuliko faida. Uadilifu huo watufaa hapa. Hatusemi kwamba afunguaye kisanduku hasikii raha. Anaisikia sana! Twasema tu kwamba raha hiyo ni ya namna nyingine kabisa, kwani haimfundishi kitu, na yule aliyeiunda hupata faida kwa kadiri mchezaji ashindwavyo kuondoka. Mtunzi wa Tetris hakuhitaji ushindwe kuondoka ndipo mchezo wake uwe mzuri.

Wasimamizi wa dunia nao wamekwisha liona jambo hili. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba visanduku vya kulipia katika michezo kadhaa mashuhuri vilivunja sheria ya kamari. Watengenezaji hujibu kwamba mnunuzi ananunua kwa hiari. Lakini hiari ya nani? Kijana wa miaka kumi na mitatu, mwenye simu ya mama yake mkononi?

Ni kweli vilevile kwamba hata mchezo mwema waweza kumpita mtu kiasi. Shirika la Afya Ulimwenguni limeuweka uraibu wa michezo ya video katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, na dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, na kuendelea kucheza hali anaona madhara. Mwaka 2021 serikali ya China iliamuru vijana walio chini ya miaka 18 wasicheze michezo ya mtandaoni ila saa moja usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na siku za sikukuu. Amri hiyo ina nguvu, wala sithubutu kuidharau. Ila imehesabu saa, haikuuliza saa hizo zajazwa na nini. Mtoto aweza kupoteza fedha za karo kwa saa hiyo moja.

Kwa mzazi naona njia iliyo rahisi zaidi. Na aketi kando ya mwanawe nusu saa, amwombe amfundishe mchezo huo. Mtoto akiweza kumweleza kwa nini alishindwa, na safari ijayo atafanya nini tofauti, mzazi na amsikilize, huenda naye akajaribu. Bali kama jibu la mtoto ni kwamba kisanduku kijacho pengine kitakuwa kizuri, basi na amuulize kwa upole ni vingapi vimekwisha funguliwa, na vililipiwa kwa simu ya nani.