Haki za Hayawani na Fadhila ya Kuwatumikia

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitambaacho na kirukacho. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu zangu! Yuko kijana mmoja katika wanafunzi wangu ambaye kila Alkhamisi, akisha darasa la alfajiri, huenda hospitali ya wanyama akaosha vidonda vya punda na kufagia mavi yao, wala hapokei ijara. Barazani watu humcheka, wakamwita mtumishi wa punda. Mmoja wao alinijia akaniuliza: Je, kazi hii yamfaa mtu aliyehifadhi Kurani kifuani? Nami nimeona afadhali nijibu kwa maandishi, ili jawabu liwafikie wote waliocheka.

Kwanza, Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka alimwona mbwa ahema, ala mchanga kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akakiuma kwa meno akapanda, akamnywesha. Na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Masahaba walipouliza kama kuna ujira kwa ajili ya wanyama, Mtume (s.a.w.) aliwajulisha kuwa katika kila chenye uhai mna ujira. Basi ikiwa ndivyo kwa mbwa, ambaye katika madhehebu yetu ni najisi nzito, itakuwaje kwa punda, ambaye mwili wake na jasho lake ni tahiri? Na mwenye kuingiwa na mavi yake nguoni, maji yapo. Najisi hutoka kwa maji. Dhulma haitoki kwa maji.

Pili, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj kuwa ni wajibu juu ya mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha. Akikataa hulazimishwa amlishe au amwuze, na kama ni mnyama wa kuliwa, yajuzu amchinje. Na Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, ametaja katika haki za hayawani kwamba mwenyewe amgharimie hata akiwa mgonjwa asiye na manufaa tena, wala asimtwike asichokiweza. Basi punda mzee aliyefukuzwa ale majaani hakuachwa huru, bali amenyimwa haki yake.

Tatu, nami nakiri kosa langu. Tulipojenga madrasa, mawe na chokaa vililetwa kwa punda. Siku moja shogi liliteleza, nikaona mgongo wa punda mmoja umechunika, na nzi wamejaa. Nikanyamaza, nikijiambia: hii ni kazi ya Mungu, isicheleweshwe. Hata leo nikisomesha chini ya ukuta ule, naukumbuka mgongo ule. Sadaka haihalalishi dhulma, na kinywa kisichoweza kushitaki duniani kina Mola wake.

Kule Lamu, mwaka 1987, palifunguliwa hospitali ya punda kwa gharama za jumuiya ya Uingereza iitwayo The Donkey Sanctuary, punda wakatibiwa bila malipo. Twawashukuru waliofanya wema huo. Lakini je, hatuoni haya kuwa wageni walivuka bahari kutenda yaliyomo katika vitabu tunavyovisoma kila siku?

Basi jawabu langu ni hili: kazi ile yamfaa, nayo ni ibada akiitia nia. Ila asiache faradhi kwa ajili yake, wala wazee wake wakimhitaji. Wala asitoe dawa asiyoijua, kwani mwenye kutibu bila ujuzi hudhamini alichoharibu. Na aoshe, ashike kamba, ateke maji. Dawa amwachie tabibu.

Na wewe mwenye punda, kabla ya kutwika, inua shogi utazame chini yake. Ukiona kidonda, mpumzishe. Na asiyeweza kwenda kusaidia, basi azuie kicheko chake.

Ewe Mola, tughufirie tulipoona tukanyamaza, na uturehemu kama tutakavyowarehemu viumbe vyako. Amin.

Wabillahi taufiki.