Saa moja jioni pale Bwera

Januari 2022 Uganda ilifungua kila kitu baada ya corona. Amri ya kutotoka usiku ikaondolewa kwa watu wote, isipokuwa boda boda. Wao waliambiwa waendelee kufunga kazi saa 1 jioni. Sababu haikuwa tena ugonjwa, ilikuwa usalama.

Siku hizo nilikuwa nazunguka kati ya Kasese na Bwera kwa kazi ya vijana. Usiku mmoja kijana wa boda akanipigia simu. "Ticha, kuna mama hapa ana uchungu. Ni saa 3 sasa. Nimbebe ama nimwache?" Mimi nikanyamaza. Yeye akambeba. Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi, aliacha hela yote ya siku ile.

Swali lake bado linanisumbua. Je, ni haki mtu azuiwe kwa kosa la mwingine, eti kwa sababu wanaendesha chombo kimoja?

Tuanze na upande wa serikali, maana nao una hoja. Mwaka 2017 Kaweesi, ofisa mkubwa wa polisi, aliuawa na watu wa pikipiki. Mwaka 2018 akauawa mbunge Abiriga. Tarehe 1 Juni 2021 Jenerali Katumba Wamala alipigwa risasi Kampala. Yeye akapona, binti yake na dereva wake wakafa. Hapa kwetu Mpondwe, 16 Juni 2023, ADF waliingia shule ya Lhubiriha wakaua wanafunzi 37. Wengi wetu tulivuka mpaka huo tukiwakimbia watu hao hao. Kwa hiyo mimi siwezi kucheka neno usalama.

Lakini tuangalie vizuri. Mtu aliyebeba bunduki haogopi saa 1 jioni. Anayeogopa ni yule anayetii sheria. Mtu atasema: basi itakuwa rahisi, kila pikipiki ya usiku ni ya kushukiwa. Ni kweli, inarahisisha kazi ya mlinzi. Ila gharama ya urahisi huo inalipwa na nani? Na kijana wa boda, na yule mama mwenye uchungu. Mwenye gari lake alipita usiku ule bila shida.

Samaki mmoja akioza, tunasema wote wameoza. Sisi wakimbizi tunaijua methali hiyo kwenye ngozi yetu. Mkongomani mmoja akiiba, kesho yake wote tunaangaliwa vibaya. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa ruhusa ya kutembea nchini, na inakubali mipaka kwa ajili ya usalama, lakini mipaka yenye sababu ya haki. Sababu ni kitu ambacho mtu anakueleza, na wewe una nafasi ya kumjibu.

Ndiyo maana zile namba za kidijitali zilizoanza Novemba 2023, zinazoweza kuonyesha chombo kiko wapi, mimi naziona bora kuliko saa 1 jioni. Namba inamtaka kila mtu ajibu kwa ajili yake mwenyewe. Amri ya saa ilitaka wote wajibu kwa ajili ya mmoja. Ila nina sharti: anayeniona naye aonekane. Nani anasoma safari zangu, anazitunza muda gani, na akinionea, nishtaki wapi? Huko tulikotoka, orodha ya majina ikiingia mikono mibaya, watu wanakufa.

Februari amri ile iliondolewa. Mama alijifungua salama, na mtoto sasa anakimbia. Juzi yule kijana aliniuliza tena, "Ticha, usiku ule ungenijibu nini?"

Nilimwambia: mbebe. Na unipitie hapa, twende wote mpaka kwenye kizuizi.