Uhuru wa Imani ni wa Jirani Pia

Masomo: Matendo ya Mitume 5:33–39, Luka 10:25–37



Leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tungependa lipite kimya kimya. Nalo ni uhuru wa imani, na namna tunavyowatendea watu wa mapenzi ya jinsia moja, wale ambao mitaani huitwa mashoga. Najua wako watakaotaka kufunga gazeti hapa. Nawasihi wavumilie mpaka mwisho, maana jambo hili linagusa hata historia ya mahali petu hapa Kashozi.

Mtoto wa shule akiulizwa Kashozi ilianzaje kujulikana, hujibu kwamba Mapadre Weupe walifungua misheni hapa mwaka 1892. Jibu hilo ni sahihi. Lakini liko swali la pili ambalo haliulizwi mara nyingi: walitoka wapi, na kwa nini? Walitoka Buganda, nao walikuwa wakimbizi. Januari ya mwaka ule Wakristo wa Buganda walipigana wao kwa wao pale Mengo, Waprotestanti upande mmoja na Wakatoliki upande mwingine. Kapteni Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki, wakashinda. Askofu Hirth na waumini wake wengi wakakimbilia kusini, na baadhi yao wakafika huku kwetu. Tukumbuke kwamba waliowafukuza ni watu wa upande wetu, waliosali kama tunavyosali sisi.

Tena tukumbuke kwamba ilikuwa imepita miaka sita tu tangu tarehe 3 Juni, 1886, siku vijana Wakatoliki na Waanglikana walipochomwa moto pamoja Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Siku ile hakuna aliyeuliza nani alibatizwa na padre na nani na mchungaji. Kumbe aliyeonja moto jana anaweza leo kubeba kuni za kumchomea mwenzake. Kuteswa peke yake hakumfundishi mtu huruma, ni lazima moyo nao ufundishwe.

Somo letu la kwanza linaeleza habari za Gamalieli, mwalimu wa sheria aliyeheshimiwa na watu wote. Wakuu walipotaka kuwaua mitume, yeye aliwashauri wawaache, kwa sababu kazi ya wanadamu itajivunja yenyewe, lakini kazi ya Mungu hakuna awezaye kuivunja. Gamalieli hakuwa Mkristo. Hakukubaliana na mafundisho ya Petro. Hata hivyo alikataa watu wapigwe na kuuawa kwa sababu ya kutokukubaliana. Kanisa liliponea katika ushauri wa mtu asiyekuwa wa Kanisa.

Katiba yetu ya Tanzania inalinda jambo hilo hilo. Ibara ya 19, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za raia mwaka 1984, inampa kila mtu uhuru wa imani, hata uhuru wa kubadili dini yake, na inaweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Kwa ibara hiyo Kanisa linaweza kufundisha juu ya ndoa kama linavyoamini, wala Serikali haiwezi kutupangia mahubiri. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ibara hiyo haikai peke yake. Katiba hiyo hiyo inasema kila mtu anastahili heshima na kuthaminiwa utu wake, na kila mtu ana haki ya kuishi. Haikuongeza kwamba mashoga hawamo.

Katika nchi za mbali swali hili huja kwa sura nyingine. Marekani ilipitisha sheria ya kurudisha uhuru wa dini mwaka 1993, na tangu hapo watu wamebishana mahakamani kuhusu mipaka ya uhuru huo. Mwaka 2018 Mahakama yao Kuu iliamua shauri la mwokaji wa Colorado aliyekataa kwa ajili ya imani yake kutengeneza keki ya arusi ya wanaume wawili. Mwokaji alishinda, kwa kuwa mahakama iliona tume ya jimbo ilikuwa imeidharau dini yake. Huko wanabishana juu ya keki. Kwetu mtu anayehesabiwa kuwa shoga haulizi habari za keki. Anauliza kama atatibiwa zahanati, kama atapangishwa chumba, kama mama yake atamfungulia mlango, na akifa, kama atazikwa.

Tutazame ng'ambo ya Mutukula. Uganda ilitunga sheria kali mwaka 2023, yenye kifungo cha maisha na, kwa baadhi ya makosa, hukumu ya kifo. Ndani yake kilikuwamo kifungu kilichomlazimu mtu kutoa taarifa polisi akimshuku mwenzake. Viongozi wengi wa dini waliisifu sheria ile. Lakini tarehe 3 Aprili, 2024, Mahakama ya Katiba ya Uganda, ingawa iliiacha sehemu kubwa ya sheria isimame, ilifuta kifungu hicho na vingine vichache, ikisema vinapingana na haki ya afya, haki ya faragha, na uhuru wa dini.

Ndugu zangu, yatafakarini maneno hayo ya mwisho. Majaji waliona kwamba sheria ya kuwasaka watu hawa iliumiza uhuru wa dini. Iliumizaje? Fikirini kasisi anayesikiliza maungamo. Kijana anapiga magoti, anamweleza Mungu siri ya moyo wake mbele ya mtumishi wake. Sheria ikimtaka kasisi atoke pale aende kituoni kuandikisha maelezo, basi kasisi amegeuzwa askari kanzu, na nyumba ya Mungu imegeuzwa mtego. Tukishangilia sheria inayovunja mlango wa jirani, tujue kwamba imepitia mlango wetu kwanza. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Nchini kwetu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka thelathini. Wengine husema kuwatetea watu hawa ni mambo ya Wazungu. Lakini sheria yenyewe tuliirithi kutoka kwa Waingereza, ambao kwao Uingereza waliiondoa adhabu hiyo mwaka 1967. Mwaka 2017 Serikali ilifunga vituo arobaini vilivyokuwa vikitoa huduma za UKIMWI kwa makundi haya. Mwaka 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule aliwataka wananchi wamletee majina ya mashoga, na siku chache baadaye Serikali ikatangaza kwamba hayo yalikuwa mawazo yake mwenyewe. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia, na mgonjwa mwenye hofu haendi hospitali.

Sisi watu wa Kagera hatuna haki ya kusahau. Wagonjwa wa kwanza watatu wa UKIMWI waliotambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu. Ugonjwa uliitwa Juliana, na watu wa Bukoba wakanyooshewa vidole. Wako waliosema ni adhabu ya Mungu juu yetu. Wako waliokufa chumba cha nyuma kwa sababu jamaa waliona haya kuwapeleka hospitali. Tuliumizwa sana na kutengwa kule. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: uliwahi kutuchoma sisi, na uchungu wake tunaujua.

Mtaniuliza, Kanisa letu linasemaje? Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Lambeth mwaka 1998 wakatoa azimio. Walisema kutenda mapenzi ya jinsia moja hakupatani na Maandiko. Mwezi Desemba 2006 maaskofu wetu wa Tanzania walisimama juu ya msimamo huo hata wakakataa fedha za wale walioukiuka. Hayo tunayajua vizuri. Lakini azimio la Lambeth lina miguu miwili. Azimio hilo hilo linawaagiza Wakristo kuwahudumia watu wote kichungaji na kwa upole, bila kujali maumbile ya mapenzi yao, na kulaani chuki juu yao. Mguu wa kwanza tumeukariri kwa moyo. Wa pili wengi hatujausikia. Mtu hawezi kwenda mbali kwa mguu mmoja.

Yaliyotokea Uganda mwaka 2011 yanaonyesha kinachofuata mguu wa pili ukikatwa. David Kato alikuwa mwalimu, na alikuwa shoga aliyejitangaza. Mwaka 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu kama yeye, likitaka wanyongwe. Kato na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda mapema Januari 2011. Tarehe 26 ya mwezi huo huo aliuawa kwa nyundo nyumbani kwake. Kwenye mazishi mhubiri alitumia nafasi ile kuwashutumu waombolezaji, ukazuka ugomvi, na watu wa kijiji wakakataa kuzika. Rafiki zake walilibeba jeneza wenyewe. Aliyesimama nao kaburini ni mzee Christopher Senyonjo, aliyekuwa Askofu wa Buganda Magharibi, yaani upande wa Masaka, majirani zetu kabisa, mpaka alipostaafu mwaka 1998.

Tufikiri kama Wahaya. Kwetu jirani anaweza kuwa mlevi, mgomvi, mdeni wa kahawa ya watu. Akifa, tunaacha migomba yetu na kwenda kuchimba kaburi. Kama yuko mtu ambaye Mkristo hawezi kumzika, basi Mkristo huyo amejifunza wapi? Hakujifunza kwa yule Msamaria wa somo la pili. Yeye alimkuta mtu amelala njiani, hakumwuliza habari za maisha yake. Alifunga majeraha, akalipa gharama.

Mtu atasema, "Mwalimu, huku si kuiunga mkono dhambi?" Sivyo. Yeyote aliyefundisha anajua kwamba kusahihisha daftari ni kazi moja, na kumpiga mtoto mpaka akaacha shule ni kazi nyingine kabisa. Kanisa lina uhuru wa kufundisha. Uhuru huo tulipewa kama ngao ya dhamiri zetu, hatukupewa kuwa fimbo ya kumpigia asiyeamini kama sisi. Tukitaka Serikali isitupangie mahubiri, tusiitume ikawaadhibu watu kwa niaba ya mahubiri yetu. Siku itakapokuja serikali nyingine yenye imani nyingine, fimbo itakuwa tayari mezani, nasi ndio tutakuwa tumeichonga.

Basi tufanye nini? Kwanza, mzazi asimfukuze mtoto nyumbani. Mtoto aliyefukuzwa usiku haokoki, anapotea, na Bwana atatuuliza alikokwenda. Pili, Mkristo aliye mwuguzi, mwalimu au afisa amhudumie kila ajaye, bila maneno ya kejeli. Tatu, siri za watu tuziache mikononi mwa Mungu. Tusipeleke jina la jirani kwa mtu yeyote ili adhuriwe. Nne, tukisikia kundi linaelekea nyumba ya mtu, tusiwe wa kutazama dirishani. Gamalieli alisimama barazani akasema, na ninyi mnaweza kusimama.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewapokea wakimbizi katika nchi hii, utupe kushika imani yetu bila kumshika mwenzetu koo. Uwalinde wote wanaoishi kwa hofu kati yetu, na utufundishe kuwa jirani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwalimu mstaafu, Kashozi