Je, Bao ni Jawabu la Tusi?

Tumeulizwa na vijana wa darsa letu hapa Chewele suala ambalo twaliona lina uzito kuliko walivyodhani wao wenyewe. Wasema: mchezaji mweusi akizomewa huko Ulaya kwa sauti za nyani, lipi lililo bora kwake? Atoke uwanjani, au abaki afunge bao awanyamazishe? Wengi wao wameelekea kwenye bao.

Sisi hatuelekei huko, na twapenda kueleza sababu.

Tarehe 11 Julai 2021, mjini London, Uingereza ilishindwa na Italia kwa mikwaju ya penalti katika fainali ya mataifa ya Ulaya. Vijana watatu weusi wa Uingereza, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, walikosa mikwaju yao. Saka alikuwa na umri wa miaka 19 tu. Mara wakamiminiwa matusi ya rangi yao. Lau mikwaju ile ingaliingia, wangalibebwa mabegani. Basi kile kilichodhaniwa kuwa ni heshima kilikuwa ni ujira, na ujira hukatwa kazi iharibikapo.

Mwenye kusema "wajibu kwa bao" hakukusudia ubaya, lakini ameikubali mizani ya yule mtukanaji, kwamba mweusi hana budi kwanza kuthibitisha faida yake ndipo ahesabiwe mtu. Na mweusi afagiaye uwanja huo huo, asiye na bao hata moja, yeye atawajibu kwa nini? Tena bao lenyewe halilindi. Klabu ya Inter ya Milan ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2010, na Mkenya mwenzetu McDonald Mariga alikuwa miongoni mwa wachezaji wake. Tarehe 26 Desemba 2018, katika uwanja wa nyumbani wa klabu hiyo hiyo, Kalidou Koulibaly wa Senegal, ndugu yetu Mwislamu aliyekuwa akichezea Napoli, alizomewa kwa sauti za nyani.

Imam Bukhari amepokea kwamba Abu Dharr (R.A.) alitukanana na mtu, akamwaibisha kwa mama yake. Wanavyuoni wametaja kuwa mtu huyo ni Bilal (R.A.), na aibu aliyotiwa ni weusi wa mama yake. Habari ikamfikia Mtume (S.A.W.). Ewe msomaji, litazame sana jawabu lake. Hakumhesabia Abu Dharr sifa za Bilal, wala adhana yake, wala mateso aliyoyavumilia Makka, ingawa sifa hizo zilikuwapo tele. Alimgeukia mtukanaji mwenyewe, akamjulisha kwamba ndani yake bado mna ujahiliya.

Na aliyeambiwa hayo hakuwa mlevi wa jukwaani. Alikuwa Sahaba, mcha Mungu. Kwa hivyo nasi tusijitoe. Hapa kando ya Mto Tana, Wapokomo, Waorma, Wardei na Wamunyoyaya husimama safu moja katika sala. Kisha ikitajwa posa, huulizwa babu wa babu yake kijana alikuwa nani, na alimilikiwa na nani. Akiwa amesoma au ana mali, twasema: "Ni kijana mwema, ingawa..." Hilo "ingawa" ni zomeo la watu wenye adabu.

Ama kutoka uwanjani, limekwisha kufanywa. Tarehe 3 Januari 2013, mjini Busto Arsizio, Kevin-Prince Boateng wa AC Milan aliupiga mpira jukwaani akatoka. Wenzake wakamfuata, weupe kwa weusi, na mchezo ukaishia hapo. Kweli ulikuwa mchezo wa kirafiki, hasara yake ndogo. Katika fainali lingekuwa jambo zito zaidi. Wala hatumlaumu mwenye kubaki akasubiri, kwani riziki yake imo humo. Lakini vijana wameuliza la kumpasa aliyetukanwa peke yake. Sisi twataka waulize pia juu ya wale kumi wanaocheza naye, na juu yetu sisi tuliokaa barazani, tusi la nasaba ya mtu likipita mbele yetu nasi tukacheka.