Mzee Asiye na Mke Wala Mtoto: Haki Yake i kwa Nani?

 

Ndugu msomaji, nakuandikia kutoka Kigongo, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, wilaya ya Misungwi, si mbali na mji wa Mwanza. Wewe uliye Mombasa, au Tanga, au Unguja, huenda hupajui hapa ila kwa jina la kivuko. Kwa miaka mingi aliyetaka kuvuka kwenda Busisi, na kutoka huko kwenda Sengerema na Geita, alisimama hapa kungoja pantoni. Na watu wa pwani hawakukosekana. Wako walioletwa na biashara ya samaki, na wako walioletwa na kazi za vyombo vya ziwani. Walikuja vijana, wakazeekea hapa hapa. Ninayetaka kukueleza khabari zake alikuwa mmoja wao. Jina lake nalisitiri.

Alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa upande wa Tanga. Alioa mara moja, mkewe akatangulia mbele ya haki, na mtoto hawakujaaliwa. Mahali pake msikitini palikuwa safu ya mbele, mkono wa kulia, karibu na nguzo, na kila mtu akimwachia pahala hapo bila ya kuambiwa.

Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania. Misikiti yetu haikufungwa, lakini tuliagizwa kunawa mikono na kuachiana nafasi, na khabari zilizokuja kutoka nchi nyingine zilikuwa moja: maradhi haya yanawamaliza wazee. Ijumaa ya wiki ile nilimfuata mwenyewe baada ya sala. Nikamwambia, "Mzee wangu, wewe umri umekwenda na kifua chako si kizima. Sali nyumbani. Udhuru wako ni wa kisheria." Akaitika, "Inshallah, Maalim." Akachukua bakora yake, akaenda zake.

Je, nilikosea kumwambia hivyo? Hata leo nasema sikukosea. Dini yetu si dini ya kuyakabili maradhi kwa kifua mbele. Mtume (S.A.W.) alikataza kuingia katika mji wenye tauni, na kuutoka kwa aliyekwisha kuwamo. Sayyidna Umar (R.A.) aliirudisha nyuma safari yake ya Sham tauni ilipoingia kule mwaka wa 18 Hijria. Na katika tauni hiyo hiyo ya Amwas, iliyomchukua Abu Ubaida (R.A.), imepokewa kwamba Amru bin Al-As (R.A.) aliwaamuru watu watawanyike milimani. Basi kutengana kwa ajili ya maradhi si jambo jipya, wala si upungufu wa kumtegemea Mungu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanifahamu vibaya kwa nitakayoyasema mbele.

Miezi ikapita. Shule zikafunguliwa tena mwisho wa Juni. Safu zetu zikarudi kukaribiana kidogo kidogo, bila ya mtu kutangaza chochote. Idi ya kuchinja ikaja, na mwaka ule iliangukia siku ya Ijumaa, tarehe 31 Julai. Nikamtuma mtoto wa chuoni ampelekee mzee fungu lake la nyama. Mtoto akarudi mbio, akaniambia, "Maalim, babu anauliza kama ruhusa imekwisha toka."

Nilikwenda nyumbani kwake pale pale. Nilimkuta ameketi kizingitini, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, na hana pahala anapokwenda. Akaniambia kila Ijumaa alivaa hivyo. Aliweza kunitajia kwa sauti tu ni nani aliyeadhini siku gani, na ni muadhini gani aliyekuwa na mafua mwezi wa Juni. Yeye alikuwa akituhesabu sisi kila siku kutoka dirishani, na sisi hatukuwa na hakika kama yu hai. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Hukumu uliyonipa ilikuwa sawa, Maalim. Ila hukuniambia mwisho wake." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha, akaongeza, "Hata mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, na wanawake wenzake huja kumkalisha. Mimi nimepita eda, na hakuja mtu."

Naomba tusite kidogo hapa, kwa kuwa katika mzaha ule mna elimu.

Sheria yetu inajua kumtenga mtu. Mwenye kukaa itikafu hujitenga, lakini amechagua mwenyewe, na anajua mwezi ukionekana atatoka, na chakula chake huletwa na anayempenda. Mjane katika eda yake hatoki ila kwa dharura, lakini siku zake zina hesabu, na desturi yetu ya pwani haimwachi peke yake: huyu huja na uji, yule huja na khabari za mtaani. Utengo huo una mpaka, na una watu. Tulichowafanyia wazee wetu mwaka 2020 kilikuwa utengo usio na kimojawapo. Aliyekuwa na mke na wana aliingia ndani akawakuta watu wake. Asiye nao aliingia ndani akakuta ukuta.

Wala usidhani ni mambo ya huku bara tu. Huko kwenu pwani mzee asiye na mtoto alikuwa na baraza. Akitoka Alasiri akaketi barazani, tayari ana nduguze na watani wake, na asipotoka huulizwa. Mwezi wa Mei 2020 Mji wa Kale wa Mombasa ulizuiwa watu wasiingie wala wasitoke, na mabaraza yakawa matupu. Ilipofika Julai, nyumba za ibada za Kenya ziliporuhusiwa kufunguliwa, sharti lilikuwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyepita miaka 58. Mimi nimo katika sitini, ndugu msomaji. Lau ningekuwa Mombasa, ningebaki nje ya mlango ambao nimeusomesha maisha yangu. Hata Haji ya mwaka 2022 ilikuwa ni kwa walio chini ya miaka 65, na sharti hilo likaondolewa mwaka 2023. Simlaumu aliyeweka masharti haya, kwani alikuwa akilinda roho. Lakini angalia: sharti la Haji liliandikwa, na kuondolewa kwake kukaandikwa. Ruhusa ya mzee wangu ilikuwa ni neno la mdomo wangu, na mdomo wangu ulisahau.

Wala jamaa wa msikiti hawakuwa wabaya. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Kijana mmoja alimwekea ndoo ya maji mlangoni kila asubuhi, akapiga hodi, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa, na alifanya hivyo kwa huruma, asimpelekee maradhi. Wengine walimtumia fedha katika simu. Mzee hakukosa maji wala unga. Kila mmoja wetu alifikiri kwamba mwingine amekwisha kumjulia hali.

Hapa ndipo lilipo swali langu. Mzee mwenye wana, haki yake inajulikana i juu ya nani. Mwenyezi Mungu amewausia watoto juu ya wazazi waliofikia uzee, hata akakataza wasiguniwe. Mke ana haki kwa mume na mume kwa mke. Ndugu wa damu wana mirathi yao na wajibu wao. Asiye na mmoja katika hawa haki yake haikuanguka chini. Imekuwa juu yetu sote, kama yalivyo mambo ya faradhi kifaya: wakitimiza baadhi, wengine wamesalimika; wasipotimiza hata mmoja, wote wameingia katika dhambi. Na kazi iliyo juu ya wote, kila mtu huiona imo mikononi mwa jirani yake.

Lakini iko faradhi kifaya moja ambayo hatuisahau kamwe. Mzee wangu alifariki mwaka 2022. Alikufa kwa uzee, si kwa korona. Khabari zilipotoka msikitini, watu walikuja hata kutoka ng'ambo, Busisi. Waligombea kulibeba jeneza. Nilisimama pembeni nikawahesabu mpaka nikaacha kuhesabu, na nikajiuliza ni wangapi katika hawa waliowahi kuuvuka ule mlango. Sisi Waswahili tunajua sana kumzika asiye na mtu. Sanda itapatikana, kaburi litachimbwa, khitma itasomwa. Mtu wetu akiwa maiti hakosi wachukuzi.

Ndipo nikaikumbuka khabari ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alikufa usiku, na masahaba wakamzika bila ya kumwamsha Mtume, kama kwamba jambo lake waliliona dogo. Tazama, walimzika! Faradhi ile waliitimiza. Lakini Mtume (S.A.W.) alipomkosa aliuliza yuko wapi, na alipoelezwa akawauliza kwa nini hawakumwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia pale. Nimeisomesha hadithi hii miaka mingi katika mlango wa sala ya jeneza, na sikuona kwamba kiini chake ni kule kumkosa. Alikuwako mtu mmoja katika Madina ambaye macho yake yalizoea kumwona yule bibi.

Wako wasemao: "Aliyataka mwenyewe. Angeoa tena, angezaa, asingekuwa hivi." Maneno haya nimeyasikia hata kwa watu wa ilimu, na ni maneno mabaya. Qur'ani Tukufu imetufunza kuwa watoto ni kipawa, na kwamba Mwenyezi Mungu humfanya amtakaye kuwa hana kizazi. Bibi Aisha (R.A.) hakuzaa, na alikaa mjane zaidi ya miaka 40 baada ya Mtume kufariki. Mtume mwenyewe alimpa jina la Ummu Abdillah kwa mtoto wa dada yake, na umma mzima ukamwita Mama. Na Nabii Zakaria alimwomba Mola wake asimwache peke yake. Kama Nabii aliuogopa upweke, nani wewe kumwambia mzee kuwa analalamika kwa uchache wa imani?

Huku kwetu Usukumani jambo hili lina ubaya wake mwingine. Bibi kizee anayekaa peke yake, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote, huitwa mchawi, na wako waliouawa kwa tuhuma hiyo. Mwenye wajukuu wanaoingia na kutoka nyumbani kwake ana mashahidi. Asiye nao hana.

Na tusijisifu kuwa nyumba za wazee ni mambo ya Ulaya. Hapa hapa Misungwi yako makazi ya wazee ya Bukumbi, na Unguja ziko nyumba za Sebleni na Welezo. Serikali ya Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa kila mzee aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, nalo ni jambo la kushukuriwa. Tulicheka Uingereza ilipomteua waziri wa mambo ya upweke mwaka 2018, na Ujapani ikafuata mwaka 2021, wakati wa korona. Sioni tena la kuchekesha. Wao wamekiri kuwa wana maradhi.

Tangu siku ile ya Idi tumeweka daftari dogo msikitini. Kila mzee wa peke yake ameandikiwa watoto wawili wa chuoni kwa majina yao, si "jamaa wa msikiti", maana jamaa wa msikiti ndio waliomsahau fundi wangu. Iko haja ya kusema kwamba mambo hayaendi sawa siku zote? Watoto huchoka, wazazi hulalamika, na mzee mmoja amewafukuza kwa bakora, akasema hakuomba kuchungwa kama mbuzi. Nimemwachia. Hupita mimi mwenyewe, nikajifanya nina swali la dawa za miti, na hilo hulikubali.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, urefu wake kilomita 3, na sasa gari huvuka kwa dakika chache. Ni neema kubwa, khasa kwa wagonjwa waliokuwa wakingoja pantoni usiku. Lakini yuko bibi mmoja, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa akiuza vitumbua pale kivukoni. Wasafiri walingoja kwake, wakala, wakamsimulia mambo ya Geita na Bukoba. Magari sasa hayasimami. Nilipokwenda kumwangalia aliniambia, "Biashara nitaipata kwingine, Maalim. Hao watu ndio sitawapata." Nikamwandikia watoto wawili katika daftari. Wiki iliyopita alikuja kunishitakia: wanakuja kila siku, anasema, wanamsomea Yasin kwa haraka kama wanaokimbizwa, halafu wanamalizia vitumbua vyote. Nikamuuliza kama anataka niwabadilishe. Akasema la, waacheni hao hao, amekwisha kuwazoea.