Honi Tano

Mwaka 2015, pale Kagunga, honi ya Liemba kwetu ilikuwa na maana moja tu: tunaondoka, tunaenda Kigoma. Kumbe meli zina lugha yao. Mlio mfupi mmoja: nageuka kulia. Miwili: nageuka kushoto. Mitatu: injini inasukuma kinyumenyume. Mitano au zaidi, ya harakaharaka: sielewi unataka kufanya nini.

Huo wa mitano ndio unaonisumbua. Nahodha haoni aibu kusema haelewi, maana akinyamaza watu watazama. Sisi je? Jirani hapa kambini akipita bila salamu, palepale tunasema ana dharau. Wenyeji nao wakitukuta na kuni, wanasema wezi. Huenda jirani ana dharau kweli, huenda amefiwa. Bila kuuliza utajuaje? Piga honi kwanza, ndugu yangu.